Muulize Fundi: Daraja lenye mwanya

Barua za mwezi huu zimenifurahisha kuliko za mwezi uliopita, ambazo karibu zote zilikuwa za mageti yanayolia na mabati yanayovuja. Safari hii nimeulizwa habari za daraja. Ni kidaraja tu, cha kupita mtu na mbwa wake, lakini nina deni nacho la zamani. Nikirefusha mnivumilie.

*Fundi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi hapa Coventry, mwaka wa pili. Jumapili iliyopita tulikuwa wanne, tukapanda treni Birmingham, tukashuka Lapworth, tukaufuata mfereji wa zamani wa Stratford kwa miguu kuelekea kusini mpaka karibu na kijiji cha Lowsonford. Njiani kuna vidaraja vya chuma vya kuvukia, vimekaa pembeni mwa zile loki za kupandishia na kushushia boti. Kilichotushangaza ni kwamba vimekatika katikati! Ukisimama juu unayaona maji kupitia kwenye mwanya chini ya viatu vyako, na hata reli za kushikia zimekatika palepale. Mwenzetu wa Nakuru akasema ni uzee, limepasuka wakaliacha. Mwingine akasema ni nafasi ya chuma kutanuka kwenye joto. Mimi nikasema huenda waliishiwa chuma. Nani yuko sahihi? Kuna soda ya mtu hapa.*
*Mwanafunzi, Coventry*

Marahaba, mwanangu. Soda nakunywa mimi, maana wote mmekosa. Huyo wa joto amefikiri kifundi, mpe funda moja. Wewe wa kuishiwa umekosa, lakini umepita karibu na jambo fulani, tutalifikia. Mwanya ule umewekwa kusudi, na uliwekwa kwa ajili ya kamba.

Msione haya. Mimi nilikosa kabla yenu, tena kwa sauti kubwa, mbele ya shemeji zangu.

Nilipohamia Birmingham nilikuwa nimeshachomelea vyuma miaka kumi na miwili Tanga, uani kwa mjomba wangu, Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani. Mtu wa ufundi akifika ugenini haoni mandhari, anaona kazi mbaya za wenzake. Geti limepinda, anaguna. Ngazi imeungwa ovyo, anacheka peke yake njiani, watu wanamshangaa. Basi siku moja ya mwezi wa Mei nikawachukua shemeji zangu wawili waliokuja kututembelea, tukaenda kunyoosha miguu kwenye mfereji huohuo mliopita ninyi.

Tukafika kwenye kidaraja kimoja mkiani mwa loki, yaani mwisho wake wa chini. Nikauona mwanya. Nikasimama juu yake, mikono kiunoni, nikawaambia: "Mnawaona hawa? Nchi ya viwanda, wanaringa dunia nzima, daraja limekatika na hakuna anayejali. Nipeni rodi tatu na nusu saa."

Nikapiga goti kuupima. Kidole gumba kiliingia, kikacheza kidogo. Nikapapasa kingo zake, na hapo ndipo haya ilipoanza kunipanda kimyakimya. Kingo zilikuwa laini, zimeviringika, rangi nyeusi imepakwa mpaka ndani. Chuma hakivunjiki hivyo. Kile ni chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na chuma cha kusubu kikivunjika kinaacha sura ya sukari guru iliyomeguliwa: kijivu, kikavu, chenye chembechembe. Hiki kilitoka kwenye kalibu kikiwa kimeishia pale. Aliyekitengeneza alitaka kiishie pale.

Nikanyanyuka. Shemeji mdogo akaniuliza, "Vipi, rodi tatu zinatosha?" Sikumjibu.

Ndani ya loki, chini yetu, kulikuwa na boti inateremshwa. Mwenye boti alikuwa mzee wa Kizungu aliyevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa ameniona nikipapasa, akauliza nimepoteza nini. Nikamwambia nalishangaa daraja lenu. Akanitazama mabega. "Kazi yako nini?" Nikamwambia mchomeleaji. "Vizuri," akasema, "leo utakuwa farasi."

Sasa hapa niwaeleze, ndipo mtaelewa nilichofanyishwa.

Mifereji ile ilichimbwa kabla boti hazijawa na injini. Boti ilivutwa na farasi aliyetembea kwenye njia kando ya maji, na kamba ndefu kati yake na boti. Boti zenyewe ni nyembamba: upana wake karibu futi saba, yaani kitanda cha sita kwa sita ukiongeza mto pembeni, na urefu unafika mita 21. Lakini boti hiyo ilibeba tani 25 hivi, na farasi mmoja akaivuta. Mfunge farasi huyohuyo kwenye mkokoteni barabarani, tani mbili zitamtoa jasho. Maji ndiyo yanayobeba, farasi anasogeza tu.

Shida inakuja kwenye daraja. Boti inapita chini yake, farasi yuko juu nchi kavu, na kamba imewaunganisha. Kama njia ya farasi nayo inapita chini ya daraja hakuna neno, wote wanapita chini kamba ikiwa baina yao. Lakini daraja la namna hiyo ni refu na la juu, maana lazima livuke maji na livuke njia pia, halafu farasi asigonge kichwa. Linakula matofali. Mkiani mwa loki ndipo mfereji ulipo mwembamba kuliko pote, boti inatoka pale kama upanga kwenye ala. Ukiweka daraja hapo unavuka zile futi saba na kidogo basi. Farasi anazunguka kwenye ncha ya daraja, juu, hapiti chini. Umeokoa gharama kubwa, ila sasa kamba imelala juu ya daraja na boti iko chini yake. Itatokaje?

Kwenye madaraja mengine ilibidi mtu amsimamishe farasi, afungue kamba, airushe chini ya daraja, aiokote upande wa pili, aifunge tena. Fanya hivyo kwenye mfereji wenye loki zaidi ya hamsini, kwenye mvua ya Novemba, uone kama jioni utakuwa na hamu ya kula.

Mzee akafunga kamba kwenye nguzo fupi ya omo, akanirushia ncha. Nikaipitisha begani. Mageti ya chini yalikuwa yameshafunguliwa. Akasema tembea, usisimame wala usigeuke nyuma. Nikaegemea mbele. Hakuna kilichosogea. Nikaegemea zaidi mpaka visigino vikazama kwenye majani, shemeji zangu wakacheka hadi wakashikana. Halafu, taratibu kabisa, nikasikia kamba inakubali. Unajua mtoto akishikwa mkono na kugoma kwenda, kisha akalegea? Ndivyo ilivyokuwa. Chuma cha tani nyingi kinanifuata kwa mwendo wa bibi harusi.

Nikaipita ncha ya daraja. Kamba ikapanda juu ya reli za ile nusu ya upande wangu, ikakaza. Mke wa mzee alikuwa amesimama juu ya daraja na kikombe cha chai. Hakukiweka chini. Aliisukuma kamba kwa vidole viwili vya mkono wa pili, ikateleza juu ya reli hadi kwenye mwanya, ikadumbukia. Nikasikia *tapu* juu ya maji. Basi. Kamba ilikuwa juu ya daraja, sasa iko chini yake, na mimi farasi sijapunguza hata hatua moja.

Mwanangu, nimeona mashine nyingi maishani. Ile sekunde moja ya mwanya na kamba siisahau.

Ukirudi pale usilitazame kama daraja moja lenye ufa. Tazama roshani mbili. Kila nusu ni roshani iliyotoka kwenye ukuta wake wa matofali, imeshikiliwa na mikono ya chuma kwa chini, haimtegemei mwenzake kwa lolote. Zinakaribiana lakini hazigusani. Ndiyo maana zile rodi zangu tatu zingekuwa balaa mara mbili: kwanza ningewafungia njia watu wa kamba, pili chuma cha kusubu hakipendi kuchomelewa. Kina kaboni nyingi, ukikipasha moto mahali pamoja na kwingine kimepoa, kinapasuka pembeni mwa weldi yako mbele ya macho yako. Kinataka kupashwa moto chote polepole, rodi za nikeli, kisha kupoa kwa subira. Kwa nusu saa ningekuwa nimewavunjia kweli.

Sasa lile la kuishiwa. Sheria ya kuchimba mfereji wa Stratford-upon-Avon ilipita Bungeni mwaka 1793. Kazi ilianzia Kings Norton, kusini mwa Birmingham, na kufikia 1796 walikuwa wamefika Hockley Heath na mifuko mitupu. Wakasimama. Wakaanza tena, wakafika Kingswood na kuungana na mfereji mwingine mwaka 1802. Wakasimama tena. Kipande cha kusini, mlichotembea ninyi, kilisubiri hadi 1812 ndipo majembe yakarudi, na boti zikafika mto Avon mwaka 1816. Kilomita 41 kwa miaka 23. Mimi nimejenga nyumba Tanga kwa mwendo huohuo, tofali la mwaka huu na bati la mwaka kesho, kwa hiyo nawaelewa vizuri sana. Ukiwa na hela za kuungaunga hujengi daraja la fahari, unajenga dogo na unalitafutia akili. Mlipokuwa Lowsonford natumaini mliziona pia zile nyumba ndogo zenye paa la duara kama pipa lililolazwa. Zilikuwa za wafanyakazi wa mfereji, na maelezo yanayotolewa ni kwamba mafundi walizoea kujenga tao la daraja, basi wakatumia ujuzi uleule kuezekea nyumba.

Reli ilipokuja, mfereji ukanunuliwa na kampuni ya reli mwaka 1856, na mwenye treni huwa hana haja ya kumpalilia mshindani wake. Ukaachwa. Loki zikaoza, matope yakajaa, magugu yakaota. Mwaka 1958 serikali ya kaunti ikaomba kipande cha kusini kifungwe rasmi, kwa hoja kwamba hakuna aliyekitumia kwa miaka mitatu. Wapenzi wa mifereji wakaja na tiketi ya ushuru ya mwaka 1957. Tiketi ya mtumbwi! Kuna watu walipiga kasia humo wakiwa wamelipa na karatasi wanayo. Ombi likakataliwa. National Trust, shirika la kutunza urithi wa nchi, wakaukodi mfereji mwaka 1960, na mchora ramani za majengo aitwaye David Hutchings akasimamia ukarabati na watu wa kujitolea, askari, na wafungwa wa gereza la Winson Green huko Birmingham, wote wakichota tope lilelile. Tarehe 11 Julai 1964 mama yake Malkia Elizabeth wa Pili akaja kuufungua.

Kwa hiyo ukilipia usafiri wowote, mwanangu, tunza risiti.

*Fundi, habari za siku. Mwanangu yuko Uingereza, kanitumia video ya boti inapanda mlima ndani ya sanduku la maji. Namuuliza pampu iko wapi, anasema hakuna pampu. Ananidanganya au amedanganywa?*
*Mzazi, Mwanza*

Nzuri, ndugu yangu. Mtoto anasema kweli. Loki ni chumba kirefu cha matofali chenye mageti kila upande. Boti ikitaka kupanda inaingia kwa upande wa chini, mageti ya nyuma yake yanafungwa, kisha unachukua hendeli ya chuma iliyopinda kama ile ya kuwashia magari ya zamani, unazungusha meno, vibao vinavyoziba matundu vinanyanyuka na maji ya juu yanaingia kwa uzito wake yenyewe. Boti inapanda nayo. Maji ya ndani yakilingana na ya juu, mtu mmoja anaegemea boriti ya geti kwa mgongo na geti linafunguka kama mlango wa kabati. Yakipungua hata kwa kimo cha mkono, leta wanaume ishirini, halifunguki, kwa sababu maji ya juu yanalisukuma lijifunge. Pale mageti yalipo mawili yanakutana kwa pembe, kama herufi V iliyoelekea upande wa maji mengi, kwa hiyo maji yakisukuma zaidi ndivyo yanavyobana zaidi.

Gharama yake ni maji. Kila loki ikitumika, lita laki moja hivi zinateremka mlimani wala hazirudi. Ndiyo maana wachimbaji walitengeneza mabwawa kule juu, ya mfereji huu yako Earlswood, watu siku hizi wanakwenda kuvua samaki na kutweka matanga. Nyie wa Mwanza mnaweza kucheka mkiambiwa yale ni maziwa, lakini yanafanya kazi.

*Fundi, salaam. Mimi naendesha basi London, siku ya mapumziko natembea kando ya Regent's Canal. Karibu na bustani ya wanyama kuna daraja linaitwa Macclesfield, limesimama juu ya nguzo nene za chuma. Nguzo zina mikato mirefu kama mtu kazipiga msumeno. Mke wangu anasema ni mapambo. Tena iko pande mbili, upande wa maji na upande wa ndani. Msumeno gani huo?*
*Dereva, London*

Wa alaikum salaam, dereva. Msumeno ni kamba.

Bibi yangu Pangani alikuwa na kisima uani, ukingo wake wa mawe ulikuwa na makovu ya kina cha kidole, laini kama ndani ya kikombe. Udogoni nilidhani yamechongwa ili kamba ya ndoo isiteleze. Kumbe kamba ndiyo iliyochonga. Kwenye mfereji mambo ni hayohayo, tena vibaya zaidi: kamba inalowa, inaburutwa chini, inaokota mchanga, kisha inakazwa na farasi na kusuguliwa kwenye kona ya chuma mara kadhaa kwa siku, miaka nenda miaka rudi. Kamba yenye mchanga ni tupa. Chuma kinaliwa.

Lakini wewe umeona kitu ambacho wengi wanakipita, yaani mikato kuwa pande mbili. Farasi alipita upande mmoja tu wa nguzo. Huu wa pili umetoka wapi? Alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 1874, tishali moja liitwalo Tilbury lilikuwa linavutwa pale likiwa na shehena iliyochanganya baruti na mafuta. Lililipuka likiwa chini ya daraja hilohilo. Watu watatu waliokuwemo wakafa, daraja likasambaratika. Zile nguzo zilisalimika. Zilikuwa zimesubiwa Coalbrookdale, kwenye kiwanda cha chuma, ukiangalia kwa juu utaliona jina. Walipojenga upya wakazisimamisha zilezile, ila wakazigeuza, upande uliokwishaliwa ukawekwa ndani na upande mzima ukaelekea kwenye kamba. Kamba ikaanza tena kula. Kwa hiyo mkato mmoja ni wa kabla ya mlipuko na mwingine ni wa baadaye, na farasi wa biashara waliendelea kuvuta mfereji ule hadi 1956. Mwambie shemeji yangu kwamba si mapambo, ila amekuwa na jicho zuri kuyaona.

Mimi fundi nawapongeza hasa kwa kugeuza nguzo. Kwetu gurudumu likiisha upande mmoja unaligeuza, hulitupi. Nilidhani ni akili ya umaskini wetu tu.

*Asalaam alaikum Fundi. Mimi ni mama wa mapacha wa mwaka mmoja na nusu, na kaka yao wa miaka sita. Tunapenda kutembea kando ya mifereji hapa Birmingham na pembezoni. Hivi vidaraja vyenye uwazi naviogopa, kigari cha watoto kisije kikanasa. Halafu huyu mkubwa anapenda kuvukia juu ya mageti ya loki kama wanavyofanya wenye boti. Nimruhusu?*
*Mama wa Mapacha, Birmingham*

Wa alaikum salaam, dada yangu. Kigari cha kawaida hakinasi, magurudumu yake ni mapana kuliko mwanya na unaukata kwa kuupita moja kwa moja. Kinachonasa ni vigurudumu vya skuta ya mtoto ikienda sambamba na mwanya, na kisigino chembamba cha kiatu, jambo ambalo mke wangu amelithibitisha siku ya Idi. Kikubwa ni upana wa daraja lenyewe. Kigari cha mapacha waliokaa ubavu kwa ubavu kinaweza kugoma kati ya reli na reli, kwa hiyo pima kwa macho kabla hujaingia, kurudi kinyumenyume juu ya maji si mchezo. Cha watoto waliokaa mmoja mbele ya mwingine kinapita vizuri.

Kuhusu mageti, mwambie kaka mtu hapana. Najua mengi yana ubao wa kukanyagia na chuma cha kushikia, na wenye boti wanavuka juu yake wakiwa na chai mkononi. Lakini ubao ule ni mwembamba, una ute wa kijani, na geti linaweza kuanza kufunguka ukiwa katikati. Kuna wanaoruka kutoka geti moja kwenda jingine yakiwa wazi nusu. Ukidumbukia ndani ya loki tupu, kuta ni za matofali yaliyolowa, mita mbili au zaidi, huna pa kushika ila ngazi kama ipo. Maji yakiwa yanaingia yanavuta. Kidaraja kimewekwa pale ili mtu asihitaji geti, basi apite juu ya kidaraja, na akitaka ushujaa mpe kazi ya kusukuma boriti kwa mgongo, wenye boti wanapenda sana msaada wa watoto, ila wewe uwe umesimama naye.

Na mifuko, dada. Kabla hujainama kwenye mwanya angalia mifuko yako.

Siku ile niliyokuwa farasi, nilipomaliza kuvuta na kusifiwa, tukarudi kwenye gari. Ufunguo hakuna. Ulikuwa mfuko wa shati, na shati ndilo nililoinama nalo kuupima ule mwanya kwa kidole gumba. Ulikuwa ufunguo wa nyumba na wa gari pamoja, kwenye pete moja. Tukarudi mbio. Mzee alikuwa amefunga boti hatua chache tu chini ya loki, anakula mkate na jibini. Hakushangaa hata kidogo. Akatoa kwenye kasha sumaku nzito ya mduara iliyofungwa kamba, akasema kila mwenye boti anayo, kwa sababu hendeli za loki huwadumbukia kila wakati.

Mimi nikakata tamaa kabla hajairusha, na nikamweleza sababu: ufunguo wa nyumba ulikuwa wa shaba njano, wa gari vilevile mwingi wake ni plastiki, na sumaku haina habari na shaba. Akasema tujaribu. Kutupa kwa kwanza kukatoa hendeli ya mtu, imejaa kutu. Kwa pili kukatoa mnyororo wa baiskeli na nusu kopo. Shemeji mdogo akawa anahesabu kwa sauti. Kwa tatu sumaku ikatoka na donge la tope jeusi, mzee akalisuuza majini, na ndani yake kulikuwa na kifungulio cha soda, cha chuma, nilichotoka nacho Tanga miaka yote ile. Nilikuwa nimekisahau kwamba kimo kwenye pete. Funguo zilikuwa zinaning'inia chini yake, zinadondosha maji.

Nyumba ile tumeshahama, na gari lile limeshakuwa chuma chakavu. Kifungulio ninacho. Mwanafunzi wa Coventry alete hiyo soda.